Mama Yake Babu

Mkataa kwao ni mtumwa. Sidhani kama ipo familia ya pwani isiyoijua methali hii. Katika mikutano ya umoja wa ukoo wetu hapa Dar es Salaam imekuwa kama dua ya kufungulia: mwenyekiti husimama, hukohoa kidogo, huitamka, na wazee hutikisa vichwa kwa kuridhika. Kisha huja ajenda ya kitabu cha ukoo, michango yake na jalada lake. Mimi nina ugomvi na methali hiyo, na nina ugomvi na kitabu hicho. Nauandika hapa kwa kirefu kwa sababu mkutanoni msemaji hupewa dakika tano, na mbili kati ya hizo huliwa na salamu.

Itazameni methali yenyewe. Inatwambia mtumwa ni mtu aliyekataa kwao. Je, mtoto aliyekamatwa huko Ziwa Nyasa, akafungwa kamba, akatembezwa kwa majuma na miezi mpaka Kilwa Kivinje, alikataa kwao lini? Hakuna aliyempa nafasi ya kukataa wala kukubali. Kama ni kukataa kwao, basi wanaostahili lawama ni wajukuu walioshiba, wanaojua alikotoka bibi yao na wanafunga mdomo. Methali imemgeuzia kibao aliyedhulumiwa, nasi tunaitumia kufungulia vikao.

Mwaka 2022 kamati ilinituma Kivinje. Walinichagua mimi kwa kuwa mwalimu mstaafu, wanavyodhani wao, hana kazi. Nilipewa nauli, daftari na orodha ya maswali kumi na manne. Nikusanye majina ya mababu mpaka kizazi cha saba, nipige picha ya mlango wa nyumba ya ukoo na kaburi la mzee mkubwa, na nithibitishe, ndilo neno walilolitumia, kwamba asili yetu ni Shirazi. Katika maswali yale kumi na manne halikuwamo hata moja lenye neno "mama". Si ajabu. Katika mchoro wa nasaba ambao kamati ilikuwa imeshauanza, sisi mabinti tumeandikwa majina na hapo mstari ukakatwa. Watoto niliowazaa mimi ni wa kwa baba yao. Ukiutazama mchoro ule utadhani wanaume wa ukoo wetu walikuwa wakichipua wenyewe kwa wenyewe, kama migomba.

Safari ya Kilwa siku hizi si kitu. Unapanda basi Mbagala alfajiri, na mchana uko Nangurukuru. Wenzetu wa zamani walikuwa wakikwama Ndundu kungoja kivuko cha Rufiji, na masika ndiyo usiseme. Daraja lililopewa jina la Rais Mkapa lilifunguliwa mwaka 2003 na adha ile ikaisha. Nilikaa dirishani nikawa nakumbuka jambo ambalo nilikuwa nikiwafundisha watoto wa shule bila wao wala mimi kulihisi miguuni. Tarehe 5 Juni 1873 Sultani Barghash alitia sahihi mkataba na Waingereza wa kuzuia watumwa wasisafirishwe baharini na kufunga masoko yao. Wafanyabiashara wa Kilwa hawakuacha biashara. Waliihamishia nchi kavu: misafara ikawa inatembezwa kwa miguu kufuata pwani kwenda kaskazini, ikivuka Rufiji na kupita nyuma ya Dar es Salaam kuelekea Pangani, mpaka Sultani alipoipiga marufuku njia hiyo nayo mwaka 1876. Watu wale walikuwa wakija kule ninakotoka mimi, nami nilikuwa nikienda kule walikotoka wao. Jirani yangu ndani ya basi alikuwa akila samaki wa Somanga na kuniuliza kama ninakwenda msibani. Nikamjibu kwamba ni kama hivyo.

Kivinje ni mji uliochoka, wenyewe wanakubali. Boma la Wajerumani limebaki ukutaukuta, milango ya nakshi imesimama mbele ya nyumba zisizo na paa, na bahari ikijaa inakaribia sana. Lakini huo ndio mji uliokuwa bandari kubwa ya watumwa ya pwani ya kusini katika karne ya kumi na tisa. Hesabu za forodha zilizowafikia Waingereza zinaonyesha kwamba katika miaka mitano tu hadi 1867 watu zaidi ya 90,000 walisafirishwa kutoka hapo, wengi wao kwenda Unguja. Hao ni walioandikwa na kulipiwa ushuru. Waliofia njiani hawakulipiwa ushuru.

Wazee wa barazani walinipokea kwa heshima zote. Waliagiza kahawa, wakanihesabia mababu saba bila kusita, fulani bin fulani bin fulani, mpaka yule aliyeshuka jahazini kutoka Shirazi. Nikaandika. Kisha nikauliza, kwa adabu, hawa wote walizaliwa na nani? Wakacheka. Mmoja akasema, "Mwalimu, walizaliwa na wake zao." Nikauliza wake zao ni kina nani. Baraza likanyamaza, kahawa ikazungushwa mara ya pili, na mazungumzo yakahamia bei ya ufuta.

Sasa kabla sijaendelea niseme hili, maana najua kuna watakaodhani nakuja kuwapokonya Ushirazi wao. La. Habari ya Shirazi ni ya kale. Ndiyo iliyo katika tarikhi ya Kilwa, ile ambayo Mreno João de Barros aliitia katika kitabu chake mwaka 1552: mfalme aliyetoka Shirazi na kukinunua kisiwa cha Kilwa kwa nguo. Kwa miaka mingi wasomi waliidharau wakisema ni majivuno matupu. Kisha mwezi Machi 2023 ukachapishwa utafiti wa vinasaba vya watu 80 waliozikwa zamani, wengi wao katika miji ya pwani ikiwamo Kilwa, Songo Mnara na Lindi. Ukaonyesha kwamba damu ya Uajemi imo kweli, na ilianza kuchanganyika na ya huku yapata mwaka 1000. Basi wazee wa baraza washangilie. Ila wasifunge kitabu kabla ya kumaliza ukurasa, maana utafiti huohuo ulionyesha kwamba damu ile ya Uajemi ililetwa zaidi na wanaume, na kwamba kwa wengi wa watu wale nusu na zaidi ya asili yao ni ya Kiafrika, nayo waliipata zaidi kwa mama zao. Kwa maneno mengine, tarikhi haikusema uongo. Ilitaja upande mmoja wa kitanda.

Kaburi la mzee mkubwa nililiona na nikalipiga picha. La mkewe wa ndoa lipo ubavuni. Nikauliza la mama yake babu, yaani mama aliyemzaa baba mzaa baba yangu, kwa sababu nilikuwa nimesikia utotoni kwa shangazi kwamba mke yule wa ndoa hakujaaliwa mtoto. Mzee aliyenisindikiza akatazama pembeni, akasema, "Huyo labda ukaulize shamba."

Shamba lenyewe ni minazi ya ukoo, mwendo wa nusu saa kwa bodaboda kutoka mjini. Wanaoishi pale sisi wa Dar es Salaam huwaita "watunzaji". Huja misibani, hukaa upande wa jikoni, hupewa nauli ya kurudi. Nilimkuta bibi mmoja mwenye umri wa miaka themanini na kitu amekaa kwenye mkeka akifuma makuti.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Umetoka wapi?"

"Dar es Salaam, bibi. Natafuta habari za mama yake babu."

Akaendelea kufuma mpaka akamaliza kuti lake. Kisha akasema, "Mmekawia."

Aliyonieleza siku ile na siku mbili zilizofuata nitayafupisha. Mama yake babu aliletwa akiwa mtoto asiyejua hata Kiswahili, akitokea upande wa Nyasa. Mzee wetu mkubwa alimnunua, akamlea ndani, alipokua akamfanya suria, akamzalia mtoto mmoja wa kiume: babu yangu, shina la umoja wetu wote wa ukoo na mwenyekiti wake na mweka hazina wake. Mzee alipofariki, yule mama akawa huru kwa sheria, akaolewa na mtu wa shambani, mtumwa mwenzake wa zamani aliyekuwa ameandikwa huru na Wajerumani. Hati ya uhuru ya yule mume ingalipo. Nimeishika. Imekunjwa mara nne na imehifadhiwa ndani ya kopo, ina muhuri wa boma. Kwa mume huyo akazaa watoto wanne. Bibi niliyemkuta kwenye mkeka ni mjukuu wake kupitia mmoja wa hao wanne.

Hesabu basi, ndugu msomaji. Hao "watunzaji" wa shamba ni kizazi cha ndugu za babu yangu wa tumbo moja. Tumbo moja! Neno ambalo Waswahili tunalitumia tukitaka kusema kwamba undugu hauna mzaha.

Nilirudi na kuiandikia kamati taarifa ya kurasa kumi na mbili. Jibu lilikuja kwa mdomo, kwa simu, kama majibu yote ambayo mwenyewe hataki yabaki. Nilishukuriwa sana kwa picha za mlango. Kuhusu hayo mengine, nikaambiwa, "yaache yalale". Sababu walizonipa zilikuwa tatu, nami sitaki kusema hazina uzito, kwa kuwa ningekuwa nawadharau watu ninaowaheshimu.

Ya kwanza ni sitara. Mwislamu humsitiri mwenzake aibu yake. Naam, lakini nani hapa mwenye aibu? Sheria yetu wenyewe, ambayo kamati huisomea kila inapofungua kikao, haikumwonea haya suria. Mtoto aliyezaliwa naye bwana wake akamkubali ni mtoto halali, huru, anarithi sawa na mtoto wa mke wa ndoa. Na mama huyo hauziki tena, na bwana akifa yeye ni huru. Babu yangu alirithi nyumba ile yenye mlango wa nakshi kwa msingi huo. Kama uzazi wake ni wa kuonea haya, basi na nyumba ni ya kuonea haya, na ningetarajia kamati iufiche na mlango. Wanataka urithi uliokuja kupitia tumbo lile, hawataki tumbo lenyewe.

Ya pili ni mabinti. Wanasema tukiandika hivi watoto wetu wa kike watakosa kufu, waume wa daraja lao. Hofu hii ninaijua, nimeisikia tangu nikiwa mwali, na ndiyo iliyowafanya shangazi zangu waseme kwa kunong'ona. Lakini nauliza, katika mji kama Kilwa Kivinje, ambako watu walipita kwa makumi ya maelfu na ambako kila mwenye uwezo alikuwa na wajakazi nyumbani, hiyo familia nyingine isiyo na bibi kama wetu ni ipi? Watakaokuja kutuposea wana makopo yao nao. Kinachotofautiana ni nani amelifungua. Na utumwa wenyewe si wa zama za Nuhu. Wajerumani, pamoja na kelele zao zote, hawakuufuta. Waliamuru mwaka 1904 tu kwamba watoto watakaozaliwa baada ya tarehe 31 Desemba 1905 wawe huru, na wengine wakawa wanakombolewa mmojammoja kwa hati. Waliokuwa wamebaki waliachiliwa na sheria ya Waingereza ya mwaka 1922. Shangazi yangu aliyenong'ona alizaliwa miaka michache tu baada ya hapo.

Ya tatu ndiyo nzito kuliko zote. Mzee mmoja wa kamati, mtu msomi, aliniambia kwamba habari za utumwa wa pwani zimetiwa chumvi na wamishionari na wakoloni ili kuwachafua Waarabu na Uislamu, na kwamba mimi nawapelekea maadui kuni. Ana haki kwa sehemu. Wajerumani waliiteka pwani hii miaka ya 1888 hadi 1890 wakipeperusha bendera ya kupinga utumwa, kisha wakaiacha ikae na utumwa wake karibu miaka thelathini. Na hao wakosoaji wa Ulaya ni wateja wa zamani: mwaka 1776 Mfaransa aitwaye Morice aliandikiana mkataba na Sultani wa Kilwa wa kuuziwa watumwa 1,000 kila mwaka, wakalime mashamba ya Wafaransa katika visiwa vya Bahari ya Hindi. Wakamataji wengi huko bara nao walikuwa Waafrika wenzao. Yote haya na yaandikwe. Tena, nani atayaandika vizuri zaidi kuliko sisi? Tukinyamaza, historia ya mama yake babu itabaki mikononi mwa watu walewale mzee anaowaogopa. Msichana wa Kiyao aitwaye Swema alisimulia maisha yake Unguja katika miaka ya 1860, na waliomwandika ni mapadri wa Kifaransa, kwa Kifaransa, kwa wasomaji wa kwao. Rashid bin Hassani, Mbisa aliyetekwa utotoni na kuuzwa Unguja, maisha yake yamo katika kitabu cha Kiingereza kilichochapishwa mwaka 1936. Nashukuru waliandikwa. Lakini kwamba mjukuu wa Kivinje asome habari za watu kama bibi yake kwa lugha mbili za Ulaya, na katika kitabu cha ukoo wake mwenyewe asikute hata herufi moja, hilo si njama ya wamishionari. Hilo ni letu.

Ipo na sababu ya nne, ambayo hakuna aliyeitaja kwenye simu. Shamba. Minazi imezeeka lakini ardhi ya Kilwa imepanda bei, na baadhi ya wajumbe wanataka liuzwe. Kitabu cha ukoo kikishachapishwa, kikiwa na jalada gumu na picha ya kaburi, kitakuwa kielelezo. Aliyemo ni mwenye shamba. Asiyemo ni mtunzaji, na mtunzaji huambiwa ahame. Watu hao walishahamishwa mara moja wakati wa Operesheni Vijiji miaka ya 1970, wakarudi wenyewe kuja kupalilia minazi ambayo sisi tulikuwa tumeisahau. Makaburi yao yako pale pale, hayana mawe ya matumbawe, yana vijiti na vigae vya mitungi. Nikiwa pale bibi alinionyesha mawili ya chini ya mwembe. Moja ni la mama yake babu.

Wanasema undugu wa kwa mama hauingii katika ukoo. Sijui wameisoma wapi. Qur'ani yenyewe imewatengea ndugu wa kwa mama fungu lao katika mirathi: marehemu akiwa hana mtoto wala baba, ndugu wa kwa mama akiwa mmoja hupata sudusi, na wakiwa zaidi hushirikiana thuluthi. Sisemi kwamba fungu hilo linaangukia shamba hili; hayo ni ya kadhi na hesabu zake. Nasema kwamba dini iliwaona ndugu hawa, na kamati haiwaoni. Na huko bara alikotolewa mama yake babu, kwa Wayao na jamaa wengi wa upande wa Nyasa, ukoo huhesabiwa kwa mama tangu hapo. Kwa mila za kwao, hao wa shamba ndio wenye ukoo, na sisi wa kwa baba ndio tungewekwa upande wa jikoni.

Liko jambo moja la mwisho, nalo ni jina. Kivinje aliitwa kwa jina alilopewa na bwana wake, moja ya majina yale ya mali na vito waliyokuwa wakipewa watumwa, kama Almasi, Feruzi na Marjani kwa wengine. Lakini alikuwa na jina la kwao. Hakumwambia mume wala mwanawe wa kiume. Alimwambia binti yake, binti akamwambia wake, hivyo hivyo mpaka likamfikia bibi wa kwenye mkeka. Siku ya tatu, nilipokuwa ninaaga, alilitaja mara mbili ili nilishike, akaniwekea sharti: nisiliandike katika kitabu ambacho wajukuu zake hawamo.

Mchoro wa nasaba niliouchora mimi una mwanamke mmoja juu, na kutoka kwake matawi mawili, la mjini na la shamba, na mabinti wote mistari yao inaendelea. Nimeupeleka kwa mwenyekiti. Mahali pa jina la juu nimepaacha wazi, na nimemweleza sababu. Nimepangiwa dakika tano katika mkutano ujao, baada ya taarifa ya mweka hazina na kabla ya chakula.

Bibi hana simu, hunipigia kwa ya mjukuu wake. Hunisalimia, huuliza mvua za huku, kisha huuliza kama wameshaandikwa. Namjibu kwamba bado.